Mama Kagoma Kuhama

Shangazi Lorna mpendwa,

Nakuandikia, naomba uniokoe. Mimi ni mtumishi wa serikali, idara ya misitu, nimehamishwa kutoka Butte, Montana, kwenda Arizona, na sisi tunaohamishwa serikali huturudishia gharama za kuuza nyumba tuliyokuwa tukiishi, ada ya dalali, ya mwanasheria, ya hati, mradi iuzwe kabla muda waliotuwekea haujapita, na muda wangu unayoyoma na nyumba haiuziki, Shangazi, si kwamba ni mbovu, bali kila mteja akishaizunguka anamwambia dalali wangu Nadine, "Yule bibi mkarimu jamani, katukaribisha vizuri, lakini mbona hataki tuingie chumba cha nyuma?" na mle hamna mtu, hata laini ya simu niliikatisha siku niliyoondoka, na chumba cha nyuma ndimo alimofia mama yangu Elvi majira ya baridi yaliyopita.

Nadine ni Mkatoliki, akaniambia, "Shoga, tuizike sanamu ya Mtakatifu Yosefu uani, kichwa chini, utaona itakavyouzika," nami Mlutheri mzima nikakubali, akaizika, kesho yake jirani ananipigia simu huku Arizona, "Irja, nani kaweka sanamu kwenye dirisha la jikoni? Imeoshwa, inatazama barabarani," na ufunguo anao Nadine peke yake, naye analia na kuapa kwamba hakuingia.

Sasa wamepatikana akina Pruitt, vijana, mke mjamzito, wanaitaka kama ilivyo, ila huyo mke, Shayla, kamwambia Nadine, "Bibi anasema mwambieni Irja mimi sihami," akacheka, akidhani ni utani wa kizee. Nadine ananiambia, "Funga mdomo, sheria haikulazimishi kusema, tia sahihi." Nikisema watakimbia na gharama zote zitanielemea, na sina pa kuzitoa, nikinyamaza namwingiza mjamzito wa watu mahali ambapo mimi mwenyewe naogopa kulala. Nifanyeje?

Irja, Arizona

Irja mwanangu,

Pole sana kwa msiba. Sasa nikugombeze. Unamzikia mama yako sanamu uani kama mtu anayetega panya? Mwanamke aliyekulea? Ningekuwa mimi ningeirusha sanamu hiyo kichwani mwa Nadine.

Hukuniandikia namba yako ya Arizona, kwa hiyo nilipiga ile iliyochapwa juu ya karatasi yako, ya nyumba ya Butte. Ikapokelewa. Bibi mmoja, sauti ya kukwaruza, akasema, "Irja hayupo, wamempeleka kwenye joto, na najua huko hali chakula vizuri." Nikauliza naongea na nani. Akasema, "Wa hapahapa." Kisha akaniambia, taratibu kabisa, kwamba watu wa serikali walikuja wakafunga mizigo yote, hata birika lake la kahawa, na wewe ulikuwa umeshatangulia, hukuingia chumbani kwake kusema kwaheri. Sijalala vizuri tangu hapo, na mimi si mtu wa kuogopa.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla muda haujaisha, iandikie ofisi yako uombe kuongezewa, wana ruhusa ya kuongeza ukiwa na sababu ya maana, na kufiwa ni sababu. Usiandike mengine. Halafu panda ndege urudi Butte, na birika ulibebe. Mwite Shayla, mkalishe jikoni, mwambie ukweli wote, mumewe asikie pia. Sheria isipokulazimisha, utu unakulazimisha. Wakikimbia, utakuwa umepoteza ada ya dalali, nayo utailipa polepole kama walipavyo wengine.

Shayla akisema anabaki, na moyo wangu unaniambia atabaki, maana alicheka, mpeleke chumba cha nyuma umtambulishe. Kisha mwombe atoke, ufunge mlango, umuage mama yako kwa lugha aliyokulelea. Lia usione haya. Usimsihi aondoke. Wewe ndiye uliyehamishwa, Irja, si yeye.

Shangazi Lorna