Ufunguo wa Pili wa Benki

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu tele zikufikie wewe, shemeji na wanao. Kifua je, kimetulia? Jana ulikohoa mpaka nikakosa raha. Mimi ni mzima, tena mzima wa kuringa! Mwandiko nivumilie, naandika mbiombio na mkono wangu unaujua, kama kuku kapita.

Dada, leo kaka yako nimeiokoa benki! Mwambie shemeji aache kutafuna asikie. Jana si alinicheka mezani, akaniita Mzee Kutu, eti dunia ina mashine na mimi bado natembea na chuma mfukoni? Haya sasa.

Unakumbuka benki ilivyokuwa ya serikali. Mkubwa anapiga simu tu, sefu inafunguliwa, anachukua, na wanyonge mlangoni wanaambiwa warudi kesho. Ikafa. Matajiri wakainunua, na Benki Kuu ikaleta sheria: sefu ifunguliwe kwa funguo mbili, za watu wawili, mbele ya meneja. Wa kwanza anao keshia mkuu. Wa pili nikapewa mimi bawabu, kwa kuwa hesabu siijui na kununulika sinunuliki.

Meneja wetu mpya, binti mwenye haraka zake, sheria hiyo inamkera. Analalamika kwamba wateja wanasubiri mpaka wanaota mizizi, kisha wanahamia benki ya ng'ambo ya barabara. Nikamwambia, "Mwanangu," hata ile benki ya serikali ilikuwa na mbio, ila za mlango wa nyuma.

Leo asubuhi akakwama njiani. Akampigia keshia, akaamuru nimkabidhi ufunguo wangu afungue peke yake. Nikakataa. Keshia akabembeleza, akanuna, akaniuliza kama benki ni ya baba yangu. Nikamjibu kwamba baba angekuwa na benki, mimi nisingekuwa nafungulia watu mlango. Foleni ikatoka nje mpaka kwa fundi viatu. Nilitukanwa, dada! Mama mmoja muuza mitumba akasema nimezeeka vibaya. Jamaa mmoja wa kofia akawazidi wote, akapayuka kwamba nipelekwe nikauzwe na vyuma chakavu. Nikakaa kwenye kiti changu, mikono kifuani.

Meneja alipofika anatweta, yule wa kofia akatoa kitambulisho. Mkaguzi wa Benki Kuu! Alikuwa ananipima! Akasema matawi mengine alikopita ufunguo ulikabidhiwa kwa simu moja tu, huduma chapuchapu, na tawi moja sefu ilikutwa na upepo mtupu. Akanishika mkono mbele ya watu. Akamwambia meneja kwamba ana madirisha manne na anafungua mawili, basi dawa ya foleni aitafute huko, asiitafute mfukoni mwangu. Yule mama wa mitumba akapiga makofi kuliko wote!

Kisha mkaguzi akalifunga tawi kwa leo akague vitabu. Kesho asubuhi sefu itafunguliwa mbele yake, na ufunguo wa pili nitautia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Hapo ndipo nilipokimbilia kalamu na karatasi.

Sasa sikia, na shemeji asisikie. Kabla ile simu haijalia, nilikuwa nimejipapasa mfukoni. Mtupu. Jana nilipolowa mvua, si ulinivua koti ukanipa la shemeji nirudi nalo? Ufunguo uko kwenye koti langu, nyuma ya mlango wako wa jikoni, mfuko wa ndani wenye pini. Ningeutoa wapi nimpe keshia? Lakini usinitazame hivyo. Haki ya Mungu, hata ningekuwa nao nisingeutoa! Kwa hilo sirudi nyuma hata mnikate.

Aliyekuletea barua hii ni jirani yangu fundi cherehani, mwenye pikipiki. Usimkaribishe ndani, ana maneno mengi. Mpe koti zima, likunje vizuri, usimwambie kilichomo. La shemeji nitalirudisha, ila mwambie limenikaa kuliko yeye.

Wabusu watoto. Kimbilia jikoni kwanza, ndipo ukohoe.

Ni mimi kaka yako asiyenunulika,
Mshika Ufunguo wa Pili