Mkeka wa Malkia Usiutoe

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, upashe moto. Mkeka niliotandika koridoni usiutoe. Malkia anateleza kwenye vigae.

Zile kucha tulizozisikia alfajiri gizani zikikwaruza sakafu, haukuwa ukaidi. Maskini mbwa wetu alikuwa anajaribu kusimama aende nje, akashindwa, akajikojolea. Wewe ukamkamata shingo ukamsugua pua kwenye mkojo. "Kojoa tena, bibi mkubwa, tuone!" Ukacheka. Na mimi, mjinga wako, nikakushikia tochi.

Ulipotoka nilijaribu kumwinua, akalia kama mtu. Nikampigia daktari wa mifugo. Anavyoona yeye ni nyonga, na huenda zimemuuma miezi. Nimpeleke leo, dawa zipo, na atanifundisha kumkanda. Halafu akaniuliza, "Na wewe mama, usingizi unaupata?" Nikalia kwenye simu. Wewe hilo hujaniuliza hata siku moja.

~~Tutarudi saa kumi.~~ Tutarudi Malkia akishatulizwa maumivu. Ukitutangulia, piga deki pale ulipomsugua. Piga magoti, usisukume tambara kwa mguu.

Nilitaka kumalizia kwamba najua una moyo mzuri. Mkono umekataa.

Mama Watoto

Nilisahau: binti yako aliamka, akaona yote akiwa mlangoni. Nimemaliza kumvisha viatu, amesimama hapa kando ya meza, ananiambia kwa sauti kavu, "Mama, siku nikiumwa, usimwambie Baba."