Treni ya Kulala ya Baba

Jumamosi, Julai 2012, Mbarara. Jua kali, vumbi la kiangazi mpaka kwenye meno, na moyo wangu haujatulia.

Leo tumeonyesha treni.

Baba ameiunda kwa mabati ya makopo ya mafuta ya msaada. Magurudumu ni vifuniko vya soda, reli ni nyaya alizozinyoosha kwa nyundo nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni mfano wa ile treni ya kulala iliyowapeleka wakubwa Katanga enzi za mkoloni. Baba alikuwa mhudumu humo ujanani, amevaa sare, akitandika vitanda ambavyo yeye mwenyewe hakuruhusiwa hata kuvikalia.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo magodoro ya sponji, shuka na mapazia ni kazi yangu. Na Baba ni msumbufu jamani! Shuka ikunjwe hivi, mto uelekee dirishani. Nimefumua mapazia mpaka nikatamani kuyatia moto.

Jambo moja alilikataa katakata: watu. "Sitaki mutu ndani," alisema. "Fasi iko tayari, lakini basafiri bado kupanda."

Nikaitikia. Halafu nikafanya nilivyotaka.

Nilishona mwanasesere wa Mama, mdogo kama kidole gumba, kwa kipande cha kitenge alichokuja nacho kutoka Kivu Kusini. Nikamlaza chumba cha daraja la kwanza, nikamfunika shuka mpaka kichwani asionekane. Walipokuwa wachumba, Baba alimwahidi kwamba siku moja watalala humo wote wawili. Haikuwezekana. Vita vikaja, tukakimbia, na Mama tukamzika Nakivale mwaka ule ule tuliofika.

Tangu hapo Baba hamtaji. Mimi nikimtaja, anainuka na kutoka nje. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe. Nilitaka tu awe mahali fulani karibu naye, hata kama kwa siri.

Maonyesho ya kazi za mikono yalikuwa kwenye ukumbi ulio karibu na kambi ya jeshi. Meza zilipangwa na askari mmoja, mtu mwema mwenye haraka. Baba akamkabidhi mabehewa: "Hii ni treni ya kulala, uiweke muzuri." Sisi tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi, treni nzima ilikuwa imelazwa ubavu, magurudumu yanatazama ukuta.

"Ssebo, mzee, si umesema hii treni iko ya kulala?" askari akashangaa kama tulivyoshangaa sisi. "Mimi nimelalisha yeye."

Ningecheka. Lakini Baba alikuwa ameshaanza kuinua mabehewa, vitanda vikamwagika mezani, na katikati ya zile shuka nyeupe kikaonekana kitenge.

Alikijua papo hapo.

Nikaanza kuomba radhi, maneno yanagongana mdomoni. Hakunisikiliza. Alimweka yule mwanasesere kiganjani, mbele ya askari na wake zao na watu waliokuja kutazama vikapu, akamnyoosha kitenge kwa kidole.

"Riziki," akasema.

Jina la Mama. Alilitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, vile alivyokuwa akimwita aje kula. Nilijiziba mdomo kwa kanga nisilie ukumbini, nikalia hivyo hivyo.

Kisha akatandika kitanda upya kwa vidole vyake vinene, akamlaza, akamfunika mpaka mabegani tu.

"Kitanda ya juu ni yangu," akaniambia. "Unishone na miye. Lakini usinivalike ile inifomu ya kazi. Nitapanda sawa musafiri."

Sasa nimekaa na sindano. Nguo nimeshakata, pajama ya mistari. Kichwa ndicho kimenishinda. Mama alimwacha na nywele nyeusi tii, na leo Baba ana mvi tupu. Nikimshona alivyo sasa, Mama atamjua?