Rudisha Nyuma

Jumanne, Agosti 1996

Bado nacheka, ingawa sina haki ya kucheka.

Gari la chuo bovu, kwa hiyo wanafunzi wangu wa mifugo wamelitembelea zizi la Mzee Masanja wa Michenga kwa mkanda wa video. Mzee mwenyewe nilimkaribisha chuoni, akakaa kiti cha nyuma darasani.

Kwenye televisheni mzee akasema, "Hamjambo wanangu?" Darasa zima likasimama. "Shikamoo mzee." Wakabaki wamesimama, macho kwenye televisheni, wakisubiri, mpaka yule wa nyuma akaitikia, "Marahaba, kaeni."

Nikasimamisha mkanda kwenye ng'ombe mwekundu, mfano wangu wa ng'ombe mwenye afya. Yusta, ambaye kila siku anasinzia, akasema, "Huyo ana ndigana, mwalimu. Tezi zimevimba."

Zimevimba kweli. Siku ile ya kurekodi nilikuwa hatua mbili kutoka kwa ng'ombe huyo, jicho kwenye kamera, nikamwambia mzee ng'ombe wake wote wazima.

"Alikufa wiki iliyofuata," mzee akasema. Hakunigombeza. "Mwalimu, rudisha nyuma kidogo, mpaka pale alipokuwa mzima."

Nikarudisha. Mpaka mwanzo wa mkanda, tezi zimevimba.