Mbuzi wa Krismasi Niliokataa Kuwapika

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na najua ungeniambia nikae chini kwanza. Nimekaa. Hasira bado ipo.

Hii ni Krismasi ya kwanza tangu tukuzike. Tangu asubuhi watu wa mtaa wetu wa Bulla Pesa wananisalimia njiani, "Krismasi njema, Kanana, Krismasi njema." Wale wanaofanya kazi ofisini wametumiwa kadi zenye picha ya theluji na wanamwonyesha kila mtu. Nimewajibu wote. Lakini salamu hiyo imenichosha.

Vita hivi vya shifta vimezidi tangu uondoke. Askari walikuja wakachukua familia zote za Kiborana za upande wetu, wakazifungia kwenye kambi ya seng'enge nje ya mji, eti zisiwape hao waasi wa shifta chakula. Kabale jirani yetu yumo humo. Kabale aliyekuletea maziwa ya chai hata ulipokuwa huna cha kumrudishia. Mifugo yao ikachukuliwa.

Juzi kamati ya kanisa iliniita nisimamie jikoni, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nilifurahi sana. Kufika uani nikakuta mbuzi wamefungwa, masikio yao yamekatwa alama ya nyumba ya kina Kabale. Nikamuuliza Mzee Stefano, mwenyekiti, mbuzi hawa wametoka wapi. Akasema bila haya, "Ni zawadi kutoka kwa wakubwa."

Nikamwambia siwezi kupika mali ya watu waliofungiwa wakiwa na njaa.

"Kanana," akasema, "Krismasi ni ya furaha. Usituletee siasa."

Siasa. Mama, ni nini kilichowatoa Yusufu na Mariamu kwao, mimba ikiwa imekomaa, kama si amri ya serikali? Na mtoto alipozaliwa, si askari walitumwa kuua, wazazi wakakimbia naye hadi nchi ya wenyewe? Haya yanasomwa kanisani kila mwaka, na msomaji ni huyo huyo Mzee Stefano, na sauti yake nzuri. Akimaliza kusoma anakwenda kula mbuzi wa watu.

Nilivua aproni nikaiweka mezani, nikatoka. Nilidhani niko peke yangu. Kisha nikasikia nyayo nyuma yangu: Mama Kinya, yule uliyemfundisha kupikia watu wengi, na wanawake wengine wachache. Leo asubuhi tumepika mahindi na maharagwe kwangu, tukabeba hadi kambini.

Askari wa mlangoni alitukataza kuingia. Mama Kinya akamuuliza kama yeye hakuzaliwa na mtu. Akatazama kando, akatuacha tusukume sufuria chini ya waya.

Kabale akaja. Amekonda, Mama, nilimtambua kwa mwendo tu. Hata chakula hakukitazama. Aliuliza, "Mama yako yuko wapi? Mbona hakuja?"

Hakuwa amepata habari. Ningemwambiaje, na watu wote wale wakitazama? Nilimwambia. Akakaa pale pale mchangani, akafunika uso kwa mtandio, akalia kwa Kiborana. Sikuelewa yote, ila jina lako nililisikia, tena na tena. Nami nikalia upande wangu wa waya.

Nikirudi nimepita kanisani. Mbuzi walishaliwa, na watu walikuwa wanaimba kuhusu mtoto aliyekosa mahali pa kulala. Mzee Stefano ametuma neno kwamba nisikanyage tena jikoni kwao. Sawa. Sina haja napo, ila nasikitika kwa ajili yako, maana ulipapenda.

Lala salama, Mama. Kabale ameniomba nimweleze ulivyougua, mwanzo hadi mwisho, na askari hakutupa muda. Jumapili nitarudi nimweleze yote. Wakinifukuza, nitarudi Jumapili ile nyingine, na nyingine, mpaka waung'oe huo waya.

Binti yako,
Kanana