Fizikia Iliyoimba Sebuleni

Jumamosi, jioni

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba huwa ninaimba. Najirekodi kwa simu chumbani mvua ikinyesha, ili sauti isifike sebuleni. Rekodi zote ziko kwenye folda niliyoipa jina "Fizikia", maana humu ndani hakuna wa kuifungua kwa hiari yake.

Leo nimemaliza kuunganisha ile kompyuta ndogo, yenye ukubwa wa kadi ya benki, na spika za redio ya zamani ya Bibi. Nilitaka apate nyimbo zake za kwaya bila kuhangaika na mawimbi. Nikahamisha kila kitu kutoka kwenye simu, nikaiacha ijichagulie nyimbo yenyewe, nikakaa kumenya ndizi na Mama.

Wimbo wa tatu ulikuwa mimi.

Niliganda na kisu mkononi. Kaka Ipyana akauliza, "Huyu dada ni wa kwaya gani? Mbona humo kwenye wimbo mbuzi wetu ndiye anayemwitikia?"

Nikainuka haraka kwenda kuzima.

"Kaa chini, wewe," Bibi akasema. "Mwache mtoto amalize."

Nikakaa. Masikio yalikuwa yanawaka moto, lakini moyoni sikutaka wimbo uishe. Ulipoisha Bibi akanishukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga fijo, mjukuu wangu. Haya, rudisha mwanzo." Tukasikiliza rekodi zote, hata ile niliyosahau maneno nikaishia kucheka.

Hizo ni hatua za Mama, anakuja huku. Siku zote daftari hili hukimbilia chini ya mto. Leo naliacha wazi kitandani. Akitaka kusoma, asome.