Sauti ya Baba Niliyoifuta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana nakujua. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya presha unaimeza kila siku, au unaitunza kama vikombe vya wageni? Deo aliniambia mvua imekubali na mpunga umesimama vizuri. Nilifurahi, ingawa siku hizi nikifurahi najiona kama mwizi.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kila nikipiga nina nia ya kukwambia jambo, halafu nasikia sauti yako, naishia kuuliza habari za kuku.

Sikuja kumzika Baba. Pasipoti ilikuwa ofisi ya uhamiaji, na ningetoka huku kabla kibali hakijatoka, nisingeruhusiwa kurudi. Nililia mbele ya yule dada wa dirishani, akanipa karatasi laini ya kufutia machozi na namba ya foleni. Baba mdogo wa Kidatu alininyooshea simu ya video pale makaburini, lakini mkono ulikuwa unamtetemeka, nikaona udongo na viatu vya watu tu. Hilo ulishanisamehe. Kuna lingine hulijui.

Juzi Deo amenitumia ujumbe: "Dada, arobaini imekaribia. Mwalimu wa kwaya ameshaazima spika. Baada ya misa tutapiga ile rekodi yako uani, watu wamsikie mzee. Wewe si ndiye fundi? Tuletee Baba." Mama, soma mpaka mwisho kabla hujamwita Deo.

Najua ulimwambia shangazi wa Kisawasawa kwamba mwanao ni mtangazaji. Mimi si mtangazaji, Mama. Nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, nimevaa spika za masikioni, nahamisha kanda za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Mwaka huu ni kanda za mpiga piano mmoja aliyekuwa na jina kubwa sana, ameshafariki zamani. Zilirekodiwa ukumbini, mbele ya watu, siku hiyohiyo alipopiga. Kwa hiyo ndani yake mna kila kitu: watu wanakohoa, viti vinalia, mlango unafungwa. Tuna programu ya kusafisha. Unaionyesha kelele moja, inajifunza kuitambua, kisha inaitoa kila inapoikuta. Nilikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo, wakanisifia, kichwa kikavimba.

Unaikumbuka siku ile ya likizo yangu, pale sebuleni Viwanja Sitini? Baba alikaa kwenye kinanda chake cha kukanyaga, kile alichopewa na padri mzee parokia iliponunua cha umeme. Mvua ikaanza kupiga bati. Alitaka kuacha, nikamwambia, "Baba, wewe piga tu, mvua nitaitoa." Akacheka, akasema, "Utaitoa mvua ya Ifakara? Haya, mwanangu, tuone."

Niliporudi huku nikaitoa. Nikatoa na jogoo wa jirani, na bodaboda, na mlio wa zile pedali. Halafu nikafika kwenye kuguna kwake. Unajua alivyokuwa akipiga huku anaimba besi mdomo umefumbwa, mpaka wanakwaya wanamcheka. Mimi niliona inaharibu. Nikaionyesha mashine ile sauti, ikamtoa. Nikasikiliza kinanda kikilia peke yake, safi kabisa, nikajipongeza, nikaifuta ile rekodi ya kwanza kwa kuwa niliona haina kazi tena. Nilitaka nimpe zawadi nzuri. Alikuwa mzima, Mama. Sikujua kwamba ninachokifuta hakitapatikana tena.

Wiki chache baadaye, Baba ameshazikwa, nikataka kumfanyia vilevile yule mpiga piano, maana naye alikuwa akiguna. Msimamizi wangu, bibi mmoja mwenye mvi asiyependa maneno mengi, akanishika mkono. Akasema, "Huyo usimguse. Huyo ndiye mwenyewe." Nikaomba ruhusa kwenda chooni, nikakaa huko mpaka wakaja kunigongea.

Tangu hapo nimejaribu kila njia. Nimewaomba wenzangu wanaojua kuliko mimi, wote wametikisa kichwa. Haipo.

Na Jumanne iliyopita nikafungua boksi jingine la kanda za yule mpiga piano. Unaikumbuka kaseti aliyoachiwa Baba na yule padri, ile iliyoharibiwa na maji ya mafuriko? Ni onyesho lilelile. Nimelijua mara moja. Baba alikuwa anaiweka kwenye redio Jumapili, ikifika mahali fulani anainua kidole: "Subirini, mzee wangu anakohoa sasa hivi." Na kweli mtu anakohoa, nasi tunacheka hadi unatufukuza nje. Huku nilipofika pale nikajikuta nimeinua kidole. Akakohoa. Nimekiacha kikohozi chake kama kilivyo, na wakiniuliza nitawajibu. Mtu nisiyemjua nimemhifadhi, baba yangu nimemtoa.

Sitawadanganya watu siku ya arobaini. Mwambie Deo, na uwaambie wote, kwamba watasikia kinanda tu, na kosa ni la Skola.

Nisalimie baba mdogo na mkono wake ule. Shangazi mpe shikamoo yangu, na umwambie ukweli kuhusu utangazaji. Mwalimu wa kwaya mwambie namshukuru kwa spika, na kama wanakwaya wanaweza, waimbe ile besi wenyewe, hata kwa kumwigiza, sitachukia.

Mama, bado neno moja, nalo ndilo lililonifanya nishindwe kupiga simu. Mwisho wa rekodi, kinanda kikishanyamaza, unasikika wewe kutoka jikoni: "Baba Skola, chai inapoa!" Nilikuwepo, najua alikujibu. Alisema, "Naja, mke wangu," ila hakuinuka mpaka ulipoita tena. Lakini mashine ilikuwa imeshajifunza sauti yake, ikaiondoa na hapo. Yako ilikuwa ya mbali, ikaiacha. Sasa unaita, panakuwa kimya, halafu unaita tena. Mwambie Deo akae karibu na spika, na kinanda kikiisha tu, azime. Asikuache umwite mbele ya watu.

Mwanao anayekuomba radhi,
Skola